Hewa ya ndani ya nyumba, Mwanza na kandokando ya ziwa: tupeane uzoefu

Jiwe la Mabatini (mwanzisha uzi)
Wadau, mwangaluka. Huku kwetu Mabatini nyumba zimepandana mlimani, na dirisha langu la nyuma linatazamana na jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mtoto wangu wa pili anakohoa kila usiku. Hospitali wamempima, kifua kikuu hana. Daktari akaniuliza swali moja tu: mnapikia wapi? Tunapikia mkaa, koridoni. Nataka kusikia kwa waliobadilisha kitu nyumbani wakaona tofauti. Mimi ni mpangaji, habari ya kubomoa ukuta mwenye nyumba hataki kuisikia. Na tafadhali msiniambie nihamie Capri Point kwa wenye nazo.

Mama Pacha, Igoma
Pole baba. Kwetu korido ni moja, kila mlango una jiko lake, na saa ya chakula cha jioni humjui aliyesimama mbele yako. Mama mwenye nyumba akatoa amri: jiko linawashiwa nje, likishika vizuri ndipo linaingia. Anayewasha kwa mifuko ya plastiki anahama. Tulinung'unika, lakini macho yameacha kuwasha na kuta zimeacha kuwa nyeusi. Mapacha wangu nao kikohozi kimepungua.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Mama Pacha, amri ya mama mwenye nyumba ni nzuri ila imefika nusu ya njia. Mkaa ukishakuwa mwekundu, moshi wa kuonekana unakwisha, na hapo ndipo watu wanajiona salama. Ile hewa ya kaboni monoksaidi inaendelea kutoka. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inaing'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu anapumua kama kawaida huku mwili unakosa hewa.

Dalili zake zinawadanganya wengi: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, mwili kulegea. Mtu anakimbilia dawa ya malaria. Mkiamka nyumba nzima mnaumwa kichwa kwa pamoja, na mkikaa nje mnapata nafuu, lishukuni jiko kabla ya mbu.

Kinachonisumbua zaidi ni maharage ya usiku. Mtu anabandika, anaogopa sufuria kuibwa, anaingiza jiko chumbani, anafunga mlango na dirisha, analala. Tumewapokea wa namna hiyo wodini, na wapo ambao hawakufika wodini. Msijidanganye na dirisha la kufungua kidogo. Jiko la mkaa halilali na watu.

Jiwe, kuhusu mtoto: Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani unakaribia kuongeza maradufu hatari ya nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ukimwona anapumua haraka haraka au mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, usisubiri asubuhi.

Dereva wa Usagara
Mimi nilinunua mtungi wa gesi wa kilo 6. Chai, ugali, mboga, samaki wa kukaanga, vyote humo. Serikali ina mkakati wa 2024 hadi 2034 wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia. Kwangu asilimia zimekwama kwenye maharage na makande. Nikipika maharage kwa gesi, mtungi hauoni mwisho wa mwezi, kwa hiyo mkaa bado upo, ila uani.

Shangazi wa Nyegezi
@Dereva wa Usagara, loweka maharage usiku, asubuhi yatie kwenye presha kuka ya umeme. Yanaiva kabla ya saa moja kwisha na hayamalizi yuniti moja. Mume wangu alikuwa anasema maharage bila mkaa hayana ladha. Siku hizi anakula anaongeza.

Binti wa Nansio
Huku Ukerewe bibi yangu jiko lake ni nyumba ya peke yake, mbali na ya kulala, paa limeachwa wazi kwa juu. Wazee walilijua hili. Sisi wa nyumba za bati ndio tumeingiza moto sebuleni. Kilichobadilisha maisha kwetu ni taa za sola. Zamani tulisomea koroboi, ukipenga kamasi asubuhi ni nyeusi tii.

Swali langu ni wale vijidudu vya ziwani, vinavyonyanyuka majini kama wingu la moshi. Vikija jioni vinapita hata kwenye wavu wa dirisha, na kaka yangu mwenye pumu anabanwa siku hizo. Sisi tunazima taa za ndani, tunaacha moja inawaka mbali uani, vyote vinakwenda huko. Asubuhi tunafagia kwa kitambaa kibichi, maana mizoga yao ikikauka inakuwa vumbi. Mwenye njia nyingine atuambie.

Mzee Mtumbwi
Vijana, mnafungua madirisha kwa mazoea, hamuulizi upepo. Sisi wa tanga tunajua: usiku upepo unatoka nchi kavu unakwenda ziwani, mchana ziwa linaurudisha. Jua likishapanda, fungua upande wa ziwa na upande wa pili, nyumba ioshwe. Usiku hewa inateremka kutoka mlimani, na inateremka na moshi wa majiko ya wote walioko juu yako. Kwa hiyo anayelala bondeni afungue mchana, asingoje joto la usiku.

Kijana wa Kitangiri
Hakuna aliyetaja dawa ya mbu ya kuchoma? Kuna utafiti wa 2003 ulioonyesha kuwa koili moja inatoa chembe laini za moshi sawa na za sigara 75 hadi 137. Sisi tulikuwa tunaiweka chini ya kitanda cha mtoto! Tumerudi kwenye chandarua.

Mama Pacha, Igoma
Haya, koili nimekubali. Udi wangu msiuguse.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Udi nao ni moshi, dada. Fukiza chumba kikiwa kitupu, fungua dirisha, kisha ndiyo muingie. Harufu itabaki kwenye mashuka.

Fundi Dirisha, Buswelu
Nisemee upande wangu. Nyumba za zamani zilikuwa na matundu ya hewa juu ya madirisha. Sasa kila mtu anataka jipsamu darini na dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo hata ukilifungua lote linafunguka nusu tu. Wateja wakiniambia niyazibe matundu, vumbi linaingia, huwa nagombana nao. Huku Buswelu vumbi la barabara ni kweli lipo, ila dawa yake ni wavu na kudeki. Ukiziba, unafunga moshi na unyevu humo humo, na masika yakianza utaona ukungu mweusi kwenye kona nyuma ya kabati.

Jiwe, dirisha linalotazama jiwe usilidharau. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea, na ya moto hupanda. Mlango wa mbele ukiwa wazi, dirisha la nyuma linakuwa pa kutokea. Mwombe mwenye nyumba kioo kimoja cha juu kitolewe, kiwekwe wavu wa chuma. Ukuta hauguswi, na ukihama kioo kinarudi.

Jiwe la Mabatini
Asanteni sana wakuu. Nimemwonyesha mwenye nyumba uzi huu, hasa maneno ya Nesi. Kioo amekubali. Banda la kupikia nje naye amelikubali, wazi pande mbili, ila wapangaji tuchange bati na nguzo. Fundi, njoo kwenye ujumbe wa faragha tupange siku. Na mwenye bati zilizotumika lakini hazijatoboka, maeneo ya Mabatini, Igogo au Mkuyuni, aseme bei.