Naomba ushauri: mti wa ukoo wa mkulima Mquaker wa Pennsylvania

Habari zenu wakuu. Mimi ni mzaliwa wa Vihiga, kwa Marafiki (ndio Waquaker, dhehebu la Kikristo) wa Kaimosi, na nimeoa huku Marekani. Baba mkwe amenikabidhi bahasha ya karatasi za ukoo wao. Mhenga wao ni mkulima Mquaker aliyetoka Uingereza akaja Chester County miaka michache baada ya William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, kufika mwaka 1682. Mzee anataka nimpangie mti wa ukoo, na kwa mkwe hukatai.

Kinachonichanganya ni tarehe. Waquaker hawakutumia majina ya miezi, waliandika namba tu, na kabla ya 1752 mwezi wa kwanza ulikuwa Machi. Sasa kuna mtoto kaandikwa kazaliwa siku ya 10, mwezi wa 12, 1701. Hiyo ni Februari, na kwa hesabu ya leo ni 1702. Niandike mwaka upi? Au yote miwili, 1701/02?

Halafu kuna binti anapotea ghafla kwenye vitabu vya mkutano wao (yaani ushirika wao wa kanisa). Nashuku aliolewa na mtu wa dhehebu lingine akatengwa, maana enzi hizo hawakuwa na mzaha na hilo. Nianzie wapi: wosia wa babake, hati za mashamba, au vitabu vya kanisa la mume? Kumbukumbu nyingi za mikutano ya Philadelphia ziko kwenye vyuo vya Swarthmore na Haverford, ila kabla sijafunga safari nataka kujua niulizie nini hasa.

Aliyepitia haya anisaidie. Mzee anapiga simu kila Jumapili.