Asumini na mkilua juu ya mawe ya Makunduchi

Mwana wa Wete:
Assalaamu alaykum. Mimi mzaliwa wa Wete, Pemba, ila maisha yangu ya ndoa yote nimekaa Michenzani, mjini Unguja, ghorofa ya juu, na shamba langu lilikuwa mchaichai ndani ya kopo la maziwa. Sasa tumehamia Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa wakwe zangu, na nina uwanja.

Nilianza na bamia na tungule (nyanya) kwa ajili ya mchuzi tu. Wallahi sasa sikai ndani. Nikishaswali alfajiri, kabla sijainjika chai, nishafika kwenye bamia kutazama zipi zimetoa ua. Mikono inanuka majani ya tungule kutwa nzima, na napenda. Nilidhani mapenzi haya niliyaacha Pemba.

Ninachotaka hasa ni kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, cha uani kwangu. Marehemu mama akichuma asumini alasiri, hazijafunguka, anazifunga na mrehani, na kilua, ua la mkilua, katikati. Ikifika isha nyumba nzima inanukia. Mrehani umeshika. Lakini Wete ukichomeka kijiti kinaota, hapa jembe halijazama linagonga jiwe. Maji ya kisima yana chumvichumvi, na miche ya asumini imebabuka kingoni mwa majani. Mkilua sijauthubutu. Masika hayo yanakuja, nifanyeje?

Mkulima wa Uwandani:
Wa alaykumu ssalaam dada. Jiwe usishindane nalo, tafuta matundu yake. Hayo ni matumbawe ya zamani, yana vishimo, na humo ndimo mnamokaa kinongo, ule udongo mwekundu. Pima kwa mtaimbo. Unapozama, panua hapo, tia samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa na majani makavu, kisha panda. Sisi watu wa kusini mihogo, mapapai na pilipili tunavila kutoka kwenye jiwe hilohilo.

Kubabuka kingoni ni chumvi. Weka mapipa chini ya michirizi ya bati, uvune maji ya masika. Siku ukilazimika kutumia ya kisima, mwagia shinani, majani usiyaguse. Na mvua kubwa yenyewe itaisukuma chini chumvi iliyokwisha jikusanya.

Mama Vikuba:
Mwanangu, asumini isikutie hofu. Ikimaliza kutoa maua ikate ncha, maana maua yake huja kwenye machipukizi mapya. Iache hivyohivyo, utapata majani matupu.

Mkilua ndio wenye madeko. Unataka kivuli na unyevu, na Makunduchi kusi linakuja moja kwa moja kutoka baharini. Uweke nyuma ya nyumba, chini ya mwembe kama upo. Kwanza uulee kwenye debe lililotobolewa chini, ukichangamka ndipo uuhamishe, mvua zikiwa zinanyesha.

Mbona mkadi hukuutaja? Huo ni mti wa pwani, chumvi haiushughulishi. Kikuba bila mkadi mimi nakiona pungufu.

Mwana wa Wete:
Ahsanteni sana. Mama, mkadi upo njia ya pwani, nami nikiupita kila siku! Nitaomba chipukizi. Mtaimbo anao baba mkwe, kesho tunaanza kupima upande wa jikoni.

Kuna atakayetoka Wete na boti wiki ijayo? Kaka yangu atampa mche wa mkilua. Nitaufuata mwenyewe bandarini Malindi, mjini Unguja.