Kitufe cha AC hakiwaki usiku: ninunue swichi nzima au globu tu?

Mwana Mafinga
Habari wakuu. Nina Corolla 110. Nikiwasha taa usiku, geji, saa na redio vyote vinawaka vizuri, ila kitufe cha AC na kile cha kupasha kioo cha nyuma viko giza totoro. Vyenyewe vinafanya kazi, tatizo havionekani. Huku kwetu ukungu ukishuka vioo vinafunga ghafla, nami nabaki kupapasa dashibodi huku lori linakuja mbele. Kuna fundi kaniambia swichi zimekufa, ninunue paneli nzima. Ni kweli?

Fundi Waya
Usinunue kitu kwanza, mkuu. Kitufe kikifanya kazi lakini hakiwaki, swichi ni nzima. Taa yake ina njia yake ya umeme, na kilichoungua karibu kila mara ni kiglobu kidogo kilicho nyuma. Inaniuma sana kuona watu wanauziwa paneli kwa ajili ya globu ya wati 1.2.

Fyuzi ya TAIL, ile ya taa ndogo, ipo sawa kwa kuwa geji zako zinawaka; ingekatika hata taa za nyuma za gari zisingewaka. Kwa hiyo nenda kwenye kitufe chenyewe.

Chomoa terminali hasi ya betri. Kama gari ina mfuko wa hewa, subiri zaidi ya sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi, hilo usiliruke. Fremu ing'oe kwa kipande cha plastiki, maana bisibisi itaacha makovu. Usivute kwa nguvu: klipu za plastiki ya zamani zinakatika kirahisi. Nyuma utaona kisoketi kidogo chenye mfereji wa kuingiza bisibisi bapa. Zungusha robo tu kinyume cha saa, kinatoka na globu yake. Itazame kwenye mwanga: kioo kimekuwa cheusi, au uzi wa ndani umekatika na ukitikisa unacheza.

Globu ikiwa nzima, rudisha terminali ya betri, washa taa ndogo, upime kwa mita ya umeme (multimita) kwenye pini mbili za soketi. Usipime pini moja na bodi ya gari. Toyota nyingi za miaka ile hasi ya taa za dashibodi inapitia kwenye dima, kile kigurudumu cha kupunguza mwanga. Ukipima na bodi utaona volti 12 na kudhani kila kitu kiko salama, kumbe njia ya kurudi imekatika.

Dereva wa Usiku
Weka LED tu mkuu, usahau habari za kuungua.

Fundi Waya
LED ni nzuri, ila nunua ile iliyotengenezwa kwa volti 12, yenye rizista (kipande cha kupunguza umeme) ndani yake. Isipowaka, igeuze nusu mzunguko, maana ina chanya na hasi. LED tupu ukiifunga moja kwa moja inaungua hapo hapo, kwani gari ikiwa inaunguruma umeme unafika volti 14. Ile nyeupe ya kawaida inataka kama volti 3 tu. Wenye magari mapya ambayo LED imechomelewa kwa risasi kwenye bodi ya swichi, pimeni pia rizista iliyo pembeni yake. Ikiandikwa 102 ni omu 1000.

Na mtu asikufungie globu ya pakingi ya wati 5 kwa waya nyuma ya kitufe. Joto lake litayeyusha plastiki.

Mwana Mafinga
Nimefungua leo. Globu zote mbili nyeusi tii. Nimeweka mpya za kawaida, zimewaka! Ila kitufe cha AC kina mwanga wa njano, na wenzake wa kijani. Kwa nini?

Fundi Waya
Hongera sana. Itazame ile globu uliyoitoa, ina kikofia cha mpira cha kijani. Hicho ndicho kinachotoa rangi. Kivue taratibu, mpira wa zamani unachanika, kisha ukivishe globu mpya. Kama kimepasuka, ukifika Dar ulizia Kariakoo, mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri. Nenda na cha zamani mkononi, kwa sababu vipo vya kijani na vya bluu na vipimo vinatofautiana.