Hoho za ndoo zinapauka, pH inasoma 8. Naishushaje?

Ndoo14
Wakuu habari za jioni. Nipo Tegeta, Dar, na ni mgeni kwenye kilimo cha ndoo. Ninazo 14 za lita 20, nimezitoboa chini, nimepanda hoho na nyanya. Udongo nimechanganya mwenyewe: ndoo 2 za udongo mweusi wa bondeni, 1 ya mbolea ya kuku wa mayai, 1 ya mchanga mweupe wa pwani, halafu nikamwaga majivu ya jikoni makopo mawili maana nilisikia yanafukuza wadudu. Maji ni ya kisima.

Sasa wiki ya tano hoho zimedumaa. Jani linageuka njano, mishipa yake inabaki kijani, ukilishika juani utadhani wavu. Nimeweka urea, wapi. Jirani kaniazima kile kipimo cha kuchomeka chenye vijiti viwili, kikasoma 7. Nikanunua karatasi za pH, zile za kupima uchachu wa udongo (namba ikipanda, uchachu unapungua), zikasoma 8. Nimwamini nani, na naishushaje? Natanguliza shukrani.

PilipiliKichaa
Siki tu mkuu. Vijiko viwili kwa lita ya maji, kesho imeshuka. Ikigoma tafuta asidi ya betri, tone moja moja.

MamaKibaraza
Asidi ya betri kwenye hoho za kula? Ile ya betri kuukuu ina risasi ndani yake jamani, tusiuane. Na siki ni ya kudanganyia, inashusha siku mbili tatu, vijidudu vya udongoni vinaila, pH inarudi ilikotoka.

Ndoo14 mdogo wangu, njano imeanzia majani ya juu au ya chini?

Ndoo14
Ya juu dada, yale machanga kabisa. Ya chini bado yana kijani chake.

MzeeWaSampuli
Basi urea umeionea bure. Mmea ukikosa naitrojeni unaanza kupauka chini, kwenye majani ya zamani. Juu na mishipa ya kijani, hapo ni chuma. Nacho kimo humo humo kwenye ndoo, ila pH ikishapita 7 kinajifunga, mizizi inakiona haikipati. Ndoo za hoho na nyanya zipeleke kati ya 5.8 na 6.5. Usione 8 na 6 ni hatua mbili tu, kila hatua ni mara kumi, kwa hiyo hapo tunazungumzia mara mia.

Kipimo cha vijiti mrudishie jirani kwa heshima. Kwenye udongo mwepesi wa ndoo vijiti havishikani vizuri na udongo, kitakusomea 7 hata ukikichomeka kwenye uji. Karatasi zina nafuu, ila ulipima vipi?

Ndoo14
Nililowanisha udongo na maji ya kisima nikaibandika juu.

MzeeWaSampuli
Ndiyo maana nimeuliza. Hapo umepima udongo na kisima kwa pamoja. Chota udongo sehemu tatu za ndoo, katikati ya kina, usichote wa juu. Kikombe kimoja cha udongo, viwili vya maji yaliyochujwa madini. Dukani wanaita maji ya betri, yale ya kuongezea, na soma lebo usije ukapewa asidi. Koroga, acha nusu saa, chuja kwa kitambaa safi, chovya karatasi kwenye yale maji. Ukipata mita ya kidijitali, isawazishe kwanza kwa vimiminika vyake vya pH 4 na 7, vinginevyo ni mapambo.

Halafu chukua kijiko cha ule mchanga mkavu, umwagie siki. Uje utuambie.

TunzaChoya
Samahani naingilia, mie napima kwa maji ya choya. Yakibaki mekundu asidi, yakienda kijanikijani alkali. Bure kabisa.

MzeeWaSampuli
Choya yenyewe ni chachu, itakudanganya. Kabichi ya zambarau ndiyo inafaa kwa mchezo huo, na bado itakwambia upande tu, namba haikupi.

Ndoo14
Wakuu! Mchanga umetoa povu kama soda, nimeweka sikio unachachatika kabisa. Nikajaribu na mchanga wa mto wa fundi hapa jirani, kimya. Udongo wa ndoo kwa njia ya mzee bado karibu 8. Na birika letu la kisima lina ukoko mweupe ndani, sikuwahi kuufikiria.

MzeeWaSampuli
Umejijibu. Mchanga huo ni matumbawe na simbi zilizosagika, yaani chokaa. Majivu nayo yanapandisha. Kuku wa mayai wanalishwa chokaa kwa ajili ya ganda, inayobaki inatoka kwenye mbolea. Na ukoko wa birika ni chokaa iliyoyeyuka, kwa hiyo kila ukimwagilia unaongeza kidogo.

MtwaraKorosho
Kuna salfa ya unga, ile tunayopulizia ubwiriunga wa korosho. Mimi naweka kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo ya lita 20, nachanganya, namwagilia. Bakteria ndio wanaigeuza asidi, kwa hiyo subiri mwezi mpaka miwili ndipo upime.

MzeeWaSampuli
Kwa udongo wa kawaida sawa kabisa. Kwake haifui dafu. Gramu 100 za chokaa zinataka gramu 32 za salfa. Ndoo ya mchanga ni kama kilo 30, tuseme nusu ni chokaa, anahitaji karibu kilo 5 za salfa kuimaliza. Atapanda hoho au atafungua duka la pembejeo?

BaridiNjombe
Huku kwetu kunakolimwa chai majivu ni dawa kweli, udongo umechachuka wenyewe. Nadhani ushauri ulisafiri kutoka milimani ukafika Tegeta bila kuulizwa njia 😂

Ndoo14
Nimecheka ila nimeumia. Nimeanza upya na ndoo mbili kwanza: udongo wa bondeni, mboji, mchanga wa mto na unga wa makumbi ya nazi, majivu hakuna. Imesoma 6.5. Mvua ikinyesha nakinga batini. Zile 12 zilizobaki?

MamaKibaraza
Pulizia busta ya majani yenye chuma jioni, usitegemee jani la zamani kurudi kijani, angalia linalochipua. Urea acha, tumia mbolea ya SA (salfeti ya amonia), kijiko cha chai kwenye maji lita 10, kila wiki mbili. Inachachua taratibu. Vuna utakachopata, msimu ujao badilisha udongo. Makumbi uliyaosha?

Ndoo14
Kuosha?

MamaKibaraza
Ya pwani yana chumvi. Loweka usiku kucha, mwaga, rudia mpaka maji yatoke kama chai ya mkandaa nyepesi, halafu onja kwa ncha ya ulimi. Ukisikia chumvi, rudia tena.