Testosteroni jumla iko sawa ila ile huru imeshuka, hii imekaaje?

Mpole38
Wadau habari zenu, naombeni mawazo. Nina miaka 38, karibu mwaka mzima sasa hamu ya tendo imeisha, asubuhi naamka kimya kabisa, mwili mzito, na mke wangu ameshaanza kuniuliza kama kuna kitu amenikosea, hilo ndo linaniuma zaidi. Nikaenda kupima. Testosteroni (homoni ya kiume) jumla nanomoli 15 kwa lita, nikaambiwa uko vizuri nenda nyumbani. Lakini mstari wa chini yake imeandikwa testosteroni huru pikomoli 155 na pembeni kuna kimshale kinaangalia chini, halafu SHBG 85 kimshale kinaangalia juu. Nikauliza, wakasema hiyo achana nayo. Damu walinitoa saa 8 mchana nimeshakula. Sivuti, sinywi, sina kitambi, dawa ninazotumia ni za kifafa tu, karbamazepini, tangu nina miaka 19 na namshukuru Mungu sijaanguka siku nyingi sana. Jamaa yangu wa jimu anasema nichome sindano za testosteroni yaishe. Na bado tunatafuta mtoto wa pili.

darubini
Pole sana mkuu. Mimi nafanya kazi maabara, hivyo vimshale usiachane navyo. Testosteroni kwenye damu nyingi inabebwa na protini mbili, SHBG inaikamata haiachii, albumini inaishika kilegelege tu, inayobaki huru kwa kawaida ni kama asilimia 2 hivi na ndo hiyo inayoingia kwenye seli kirahisi. Sasa piga hesabu ya kwako, nano 15 ni piko 15,000, huru ni 155, yaani kama asilimia 1. Mzigo upo ila umeshikiliwa, ndo maana ukitazama namba ya jumla peke yake unaonekana mzima.

Kilichonishtua ni karbamazepini. Inajulikana kabisa inapandisha SHBG, na fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, vilevile. Sisemi moja kwa moja ndo hiyo, maana hata tezi ya thairoidi ikifanya kazi kupita kiasi, ini likiwa na makovu, HIV, hata umri tu, vyote vinapandisha, kwa hiyo vipimwe. Ila NAKUOMBA usiache dawa kwa kujiamulia, degedege la kukatisha dawa ghafla linaua. Nenda kwa daktari anayekuandikia na karatasi yako mkononi.

Halafu rudia kipimo asubuhi, saa 1 mpaka saa 4, hujala kitu, siku mbili tofauti, na usiende ukiwa mgonjwa wala hujalala. Mchana homoni hii inashuka yenyewe. Waulize pia huru wanaipataje, kama wanakokotoa kwa jumla, SHBG na albumini ni sawa, vile vipimo vya haraka vya moja kwa moja mimi siviamini.

babaK
Hizo sindano kaka ziache kabisa kama unataka mtoto. Mimi nilichoma miezi 7 bila daktari, nilijisikia simba kweli, tukaenda kupima uzazi mbegu SIFURI. Nikaelezwa ubongo ukiona testosteroni imejaa unaacha kutuma LH na FSH, homoni zinazoamsha korodani, basi korodani zinalala. Damu nayo ilikuwa imekuwa nzito mpaka daktari akaogopa kuganda. Mbegu zilikuja kurudi baada ya mwaka na kitu, na huo mwaka mke wangu alilia sana, sitamani yakukute.

Tulivu
Kwangu ilikuwa kinyume, nilikuwa mnene na sukari inapanda, jumla ikasoma chini ila SHBG nayo ilikuwa chini kwa hiyo huru ikawa kawaida. Nilipungua kilo 14, jumla ikapanda yenyewe bila dawa yoyote. Mpole, waambie wakupime LH na homoni ya prolaktini pia.

Mpole38
Asanteni sana ndugu zangu, narudisha majibu. Nimerudia mara mbili asubuhi, huru bado iko chini, SHBG haijashuka, thairoidi na ini havina shida, prolaktini kawaida. Daktari wa kifafa ameiangalia karatasi muda mrefu akasema ni kweli hii dawa inafanya hivyo, tunahama polepole kwenda levetirasetamu, mpya inapanda kidogo kidogo huku ya zamani inashuka, naendesha gari marufuku mpaka aniruhusu. Tutapima tena tukishamaliza kuhama. Sindano nimemkatalia yule jamaa. Jana usiku nimekaa na mke wangu nikamwekea kidole kwenye kile kimshale nikamweleza yote, akanyamaza, kisha akaniuliza kwa hiyo muda wote huu haikuwa mimi?