Nyumbani Bahati 🏡 (kikundi cha familia)

Jumamosi, 28 Juni 2025

18:41 Consolata: Hamjambo. Niko kwa Baba, laptopu imekwama tena. Ritani zake za kodi KRA mwisho ni tarehe 30, tukichelewa ni faini ya 2,000. Nataka majibu leo.

18:42 Consolata: Chrome inazunguka tu. Nimechemsha chai, nimekunywa, nimeosha na kikombe. Bado inazunguka.

18:58 Consolata: Alama za buluu naziona. Mmesoma.

19:03 Mama Kui: 🙏

19:03 Consolata: Mama Kui hiyo mikono si jibu.

19:20 Kevo: Habari ya jioni Shangazi, nilikuwa kwa matatu. Una tabu ngapi hapo?

19:21 Consolata: Tabu zangu utazimaliza wewe?

19:21 Kevo: 😂😂 Za Chrome Shangazi. Vile vichupo vimepangana juu. Hesabu.

19:24 Consolata: 34. Bei ya maziwa na matangazo ya vifo.

19:25 Sammy: 34! Hiyo ni kama lango letu. Kila mtu anafungua akidhani mwingine atafunga 😂

19:25 Consolata: Sammy usianze na lango.

19:26 Sammy: Sijataja ng'ombe mimi.

19:26 Consolata: Umemtaja sasa. Na siku ile nilikuwa Molo, Mama Kui ni shahidi.

19:27 Mama Kui: 🙏

19:29 Kevo: Shangazi, ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc pamoja. Utaona kila tabu inakula memori kiasi gani. Hiyo mashine ina RAM ya GB 2 pekee. Zile nzito zisimamishe.

19:36 Consolata: Kuna kitu cha kuponi kiko juu kuliko zote.

19:37 Kevo: Hicho ni kiendelezi, kijiprogramu kimepachikwa ndani ya Chrome. Kitoe kabisa. Nani alikiweka?

19:40 Mama Kui: Kui alikuwa anatafuta gemu. Poleni.

19:41 Kevo: Sasa angalia diski C. Ni nyekundu?

19:44 Consolata: Nyekundu kama nyanya. Imebaki MB 400.

19:46 Kevo: Basi ugonjwa ndio huo. RAM ikijaa, Windows inaazima nafasi kwa diski. Diski nayo imejaa, itaazima wapi?

19:46 Sammy: Kama kuniazima mimi tarehe 28.

19:48 Consolata: Si niapdeti Chrome?

19:49 Kevo: Haitakubali. Hiyo ni Windows 7, Microsoft waliiacha Januari 2020. Chrome nao 2023 wakaikomesha kwa toleo la 109. Tutaongea Firefox baadaye, kwanza nafasi.

19:52 Consolata: Folda ya picha peke yake ni GB 90. Nifute?

19:52 Kevo: Futa

19:55 Baba: CONSOLATA. HIZO NI PICHA ZA MAMA YENU. HAKUNA MTU ATAGUSA.

20:31 Kevo: Pole Guka. Nilikosea, sikujua ni hizo. Hatufuti. Tunanakili kwa diski ya nje, tunahakikisha zimefunguka zote, ndiyo tuongee mengine.

20:34 Baba: UKINAKILI NIWE NIMEKAA HAPO.

20:34 Kevo: Sawa Guka.

20:36 Consolata: Diski ya nje tulikuwa nayo. Sammy uliondoka nayo baada ya matanga.

20:37 Sammy: Ujumbe huu umefutwa

20:41 Sammy: Iko Kisumu. Nitaangalia.

20:41 Consolata: Utaangalia lini? Kevo njoo kesho baada ya kanisa.

20:50 Kevo: Kesho niko kazini. Jumatatu?

20:50 Consolata: Jumatatu ndiyo 30!!

20:51 Kevo: Basi usiku huu zima, washa, fungua tabu moja tu ya iTax, ile tovuti ya KRA. Picha zitangoja.

21:15 Mama Kui: Mimi nitachanga 500 ya diski.

21:16 Consolata: Asante. Wengine?

21:58 Consolata: Imefunguka. Polepole lakini imefunguka. Sasa inaitisha nenosiri.

21:59 Consolata: Baba ameshalala.