Tupeane uzoefu: kuingia kwenye ubodigadi huku Mtwara na Lindi, na ofa za kuogopa

Mleta mada, Chikongola

Wakuu, habari za majukumu. Vijana wengi wa huku kusini wananiuliza kazi ya ubodigadi inaingiwaje, na karibu kila anayeuliza tayari ana ujumbe kwenye simu unaomwahidi kazi hiyo. Unasema tajiri anahitaji walinzi wanne wa karibu, mshahara mnono, chakula na malazi juu yake, tuma hela ya fomu leo nafasi zinaisha. Nimekaa kwenye ulinzi miaka mingi, kwanza lindoni kwenye ghala, baadaye nikiwasindikiza wageni wa makandarasi wa gesi kati ya mjini, Madimba na Msimbati. Kazi hii naipenda, na inaniuma sana kuona matapeli wanaitumia kuwanasa vijana wetu.

Mimi nilianza na kirungu na filimbi, mlinzi wa kawaida kabisa. Nilichokuwa nacho ni daftari la lindo lililoandikwa vizuri: saa, namba ya gari, nani kaingia, nani katoka. Mteja alipotaka mtu wa kuongozana na mgeni wake, msimamizi alitafuta anayejua njia, asiyekunywa, na anayeweza kumwambia mkubwa "hapa tusipite" bila kumvunjia heshima. Nikaitwa mimi. Hakuna aliyenipima mkono.

Watu wanadhani bodigadi ni miwani myeusi na vifua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, barabara ya kwenda Dar ilikatika maeneo ya Somanga kule Kilwa. Nilikuwa na mgeni aliyetakiwa kusafiri. Usiku ule nilikesha kwenye simu na madereva wa malori, na kulipokucha tukageuza kupitia Masasi, Tunduru hadi Songea, mafuta yamejazwa, maji yapo, sehemu ya kulala imeshaulizwa. Wakati huo wengine wamekwama na wageni wao njiani, hawajui kunalaliwa wapi. Sehemu kubwa ya kazi ni hiyo: kuiona shida kabla haijamfikia mtu wako, na kumtoa mapema. Ikifikia mkarushiana ngumi, basi kuna mahali mlikosea zamani.

Karibuni. Kila mtu aseme alivyoingia, au ofa aliyokutana nayo.

Mdau wa Tandahimba

Asante mkuu kwa kuleta hili. Mimi niseme kuhusu hao "matajiri wa korosho", maana msimu ukikaribia ujumbe wao unamwagika. Msimu uliopita mdogo wangu aliletewa ofa ya kumlinda mnunuzi anayezunguka vijijini na fedha taslimu. Nikamwambia akae chini tuongee.

Sisi wa huku tunajua korosho inauzwaje. Mkulima anapeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mzigo unaingia ghalani kwa stakabadhi, unapigwa mnada, na malipo yanapita benki. Mnunuzi halali hana sababu ya kuzunguka Tandahimba na Newala na begi la noti. Anayefanya hivyo ni mtu wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa wakulima kwa magendo nje ya mnada, na kangomba ni kosa. Kwa hiyo hata kama ofa ni ya kweli na mshahara unalipwa, kijana anakwenda kulinda uhalifu. Siku wakikamatwa, tajiri ana wakili, na bodigadi ana nini?

Mdogo wangu aliuliza swali moja tu: "Tunanunua kupitia chama gani?" Simu ikakatwa.

Dada wa Mikindani

Kaka, umenigusa. Nami niseme upande wa wanawake, kwa sababu wengi hawajui kuwa sisi tunahitajika sana. Mgeni wa kike anapokaguliwa mlangoni, anapaswa kukaguliwa na mwanamke mwenzake. Mke wa bosi akienda sokoni au hospitali, hataki dume limfuate mpaka kwenye mlango wa choo. Wapo wageni wanaofika na watoto, na mlinzi wa kike akikaa nao anaonekana kama shangazi tu, hakuna anayegeuza shingo. Mimi niliingia kupitia getini hotelini. Mgeni mmoja aliomba nimsindikize mjini, akaridhika, akaja mwingine, baadaye meneja akaniweka rasmi kwenye kazi hiyo. Mafunzo ya huduma ya kwanza nilijilipia mwenyewe, na yamenisaidia kuliko karate. Nimewahi kumhudumia mtoto aliyepaliwa na kipande cha muhogo pwani, mama yake yuko kwenye maji hana habari.

Sasa ofa. Sisi wasichana tunaombwa vitu ambavyo wanaume hawaombwi. Nililetewa ujumbe wa kazi ya kumlinda "mwekezaji". Wakataka picha za mwili mzima, za mbele na za nyuma, umri, na kama nina mchumba. Usaili saa mbili usiku, gesti, nije peke yangu. Nikawaambia nitakuja mchana na kaka yangu, ofisini kwao. Wakasema ofisi inafanyiwa ukarabati. Wadogo zangu, usaili wa kazi ya usalama unaoanza kwa kukutoa kwenye usalama wako, hapo pana maelezo gani tena? Ondoka. Na ukienda usaili wowote, hata wa mchana, mwachie mtu wa nyumbani jina la mahali na namba ya aliyekuita.

Kijana wa Nachingwea

Shikamooni wakubwa. Mimi nimerudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kwa kujitolea, sikupata ajira jeshini. Kuna mtu anasema ana koneksheni ya kuniingiza kwenye ulinzi wa viongozi wa kitaifa, anataka laki tatu, nusu sasa nusu nikipokea barua. Ameniambia nisimwambie mtu kwa sababu ni mambo ya usiri. Mzee wangu yuko tayari kuuza mbuzi. Naombeni ushauri kabla ya Ijumaa.

Mstaafu wa polisi, Lindi

Marahaba mwanangu. Mbuzi wabaki zizini.

Sikiliza vizuri. Walinzi wa viongozi wa kitaifa ni watumishi wa dola, wanatoka kwenye vyombo vya ulinzi na usalama vyenyewe. Julai 2020 alipozikwa Rais mstaafu Mkapa kule Lupaso, vijana wengi waliwaona wale walinzi kwa macho yao kwa mara ya kwanza, na tangu hapo nimesikia wengi wakisema "nataka kuwa kama wale." Ndoto nzuri, wala siicheki. Lakini wale walianza kama askari na maofisa walioajiriwa kwa utaratibu wa serikali, wakapimwa na kuchaguliwa huko huko ndani. Hakuna nafasi hiyo inayouzwa kijiweni. Anayekuomba fedha kwa jina la serikali ama ni tapeli, ama ni mla rushwa, na wote wawili wana mahali pao: TAKUKURU namba 113, bure. Na hilo la kukwambia usimwambie mtu, ndilo linalomlinda yeye, si wewe.

Upande wa binafsi uko wazi kwa kila mwenye sifa. Kampuni ya ulinzi ya kweli imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, na inatambuliwa na Jeshi la Polisi. Ukiletewa jina, nenda kituoni, omba kumwona mkuu wa kituo, uliza kama wanaifahamu kampuni hiyo katika wilaya. Hakuna aibu. Nilipokuwa kazini nilipenda sana kijana anayekuja kuuliza kabla, kuliko anayekuja kulia baadaye. Cheti cha tabia njema utakihitaji, na hicho unakiomba Polisi mwenyewe, kwa alama za vidole vyako. Mtu akisema atakutolea cheti hicho bila wewe kuweka vidole, anakuuzia karatasi ya kughushi, na siku ikikaguliwa utakayekamatwa nayo ni wewe.

Jingine ni silaha. Matangazo ya uongo yanapenda kusema "utapewa bastola ukifika." Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kila silaha ina leseni na mwenye nayo anajulikana. Kampuni inayofuata sheria itataka kujua umefunzwa wapi kabla hata hujaigusa. Ukikabidhiwa silaha siku ya kwanza na mtu usiyejua leseni yake iko kwa jina la nani, umekabidhiwa kesi.

Baunsa, Masasi

Mimi nimetokea mlangoni mwa kumbi na kwenye matamasha, hata pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, wasanii wakija. Niseme ukweli kwa wenye miili: jimu inakufungulia mlango wa ubaunsa, lakini baunsa anazuia watu wengi wasivuke mstari, bodigadi ana mtu mmoja wa kumtunza. Nilipopewa msanii wa kumsindikiza nilikuwa nawatazama usoni mashabiki. Kaka aliyenitangulia kazini akanisahihisha: tazama mikono. Uso unaweza kucheka na mkono umeshika chupa.

Kilio changu ni malipo ya kutwa bila karatasi. Kuna bosi mmoja tulimfanyia kazi wiki nzima, mwenzetu akaumizwa kichwa, bosi akazima simu. Hakukuwa na mkataba wala michango ya NSSF, na hatukujua hata jina kamili la kampuni yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Mwajiri anatakiwa pia kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ili ukiumia kazini usibaki unachangisha ndugu. Ukiachishwa kazi kwa uonevu una siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na madai mengine kama mshahara siku 60. Sisi tulifika tumechelewa. Bodigadi anaweza kupigwa kisu kwa ajili ya mtu mwingine. Asiyetaka kukuandikia karatasi moja amekuthamini kiasi gani?

Mkazi wa Mtwara Vijijini, njia ya Kilambo

Huku kwetu zipo ofa za kuvuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji. "Kampuni ya wazungu Palma inataka walinzi wanaojua Kiswahili na Kimakonde, malipo kwa dola." Inavutia kwa sababu ina chembe ya ukweli: mradi wa gesi wa Afungi upo, na kampuni za ulinzi zipo. Lakini tunajua mashambulizi ya wapiganaji wenye silaha yaliyotokea huko, mkoa wa Cabo Delgado, tangu 2017. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, watu walikimbia na nguo za mwilini. Na Oktoba 2020 shambulio lilikuwa upande wetu huu, kijiji cha Kitaya.

Binamu yangu aliambiwa avuke usiku kwa mtumbwi, pasi ya kusafiria itafuata. Nilimshika mkono nikamwambia kwamba kijana asiye na karatasi, anayevuka usiku kwenda eneo la vita akisema anakwenda kushika silaha, askari wa pande zote mbili watamwona ni mtu wa aina moja tu. Alininunia mwezi mzima. Yuko hai na anaendesha bajaji Mtwara mjini.

Kazi halali ya nchi ya nje inakwenda na pasi, kibali cha kazi na mkataba unaousoma kabla ya kuondoka. Mwaka 2025 tulisikia Wakenya walioahidiwa kazi za kawaida Urusi wakajikuta kwenye vita vya Ukraine. Neno "ulinzi" linaweza kuficha mambo mazito.

Mwana Lindi, Dubai

Naongezea kidogo. Huku Dubai huwezi kufanya ulinzi bila kibali cha SIRA, mamlaka inayosimamia kazi za ulinzi, unafanya mafunzo na mtihani. Anayekwambia njoo na viza ya matembezi utaanza kazi kesho yake, anakudanganya: viza hiyo hairuhusu kazi. Ukifika, pasi yako kaa nayo mwenyewe. Na wakala kabla hujampa chochote, muulizie kwenye huduma za ajira za serikali (TaESA).

Kijana wa Nachingwea

Nawashukuru sana, baba yangu amesomewa yote. Leo nimempigia yule mtu, nikamwambia nitalipa ofisini kwake na nipewe risiti yenye jina la ofisi. Amenitukana, kisha amenifungia. Ujumbe wake nimeutuma kwenda 15040, namba ya kuripoti ujumbe wa kitapeli, wakaniuliza namba iliyoutuma, nikaituma.

Sasa naomba kujua nianzie wapi. Leseni ya udereva sina.

Mleta mada

Safi sana mdogo wangu. Anza na udereva, vyuo vya ufundi vya VETA wanafundisha, na bodigadi asiyeendesha gari anapitwa na anayeendesha. Huku ukisoma, omba ulinzi wa kawaida kwenye kampuni yenye ofisi unayoweza kuingia na kukaa kitini. Cheti chako cha JKT kitakusaidia hapo. Chukua zamu za usiku, andika daftari lako vizuri, jifunze Kiingereza cha kupokelea mgeni. Baadaye ukipata nauli, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kule Dar wana kozi ya udereva wa viongozi.

Dada wa Mikindani

Na huduma ya kwanza, mdogo wangu. Msalaba Mwekundu wanafundisha. Ukija Mtwara nitafute hapa hapa, nitakupeleka mimi.